UZI: Kisima, mkokoteni na Call of Duty. Microsoft walichunguzwa miezi 21, je FIFA yetu?

#1 NahodhaWaPadi

Asalaam aleikum wana jamvi, na wale wa hamjambo, hamjambo.

Jana usiku kwenye kibanda changu cha gemu hapa Kisauni, Mombasa, nusra vijana wavunjiane padi. Si kwa mechi. Mechi ilishakwisha 4-1 na aliyefungwa alikuwa ashatuma ishirini yake. Ugomvi ulianza mmoja aliposema kuhusu FIFA, gemu ya mpira ya kampuni ya EA, "Ichezeni hiyo FIFA sasa, Wasaudia washainunua, mwakani hamuioni kwa PS." Wa pili akamjibu kwamba Microsoft walinunua COD, yaani Call of Duty, na mbona iko palepale kwa PlayStation. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeniinua kitini, akasema COD ilibaki kwa PS "kwa sababu mahakama ilizuia."

Mahakama haikuzuia kitu. Mahakama ilikataa kuzuia. Nikafungua mdomo niwaeleze, stima zikapotea, wakatawanyika, nikabaki gizani na maneno yangu. Basi nayamwaga hapa. Wenye haraka pitieni mbali, uzi ni mrefu.

Kwanza, serikali inamhusu nini kampuni ya gemu ikinunua kampuni ya gemu? Nitatumia maji, maana huku kwetu maji kila mtu anayaelewa. Mtaani kuna mwenye kisima, na kuna mahamali wenye mikokoteni wanaouza mitungi nyumba kwa nyumba. Mahamali wawili wakiungana, madhara unayaona papo hapo: jana ulikuwa na wawili wa kupatana nao bei, leo ni mmoja. Lakini hamali mkubwa akinunua KISIMA je? Mikokoteni haijapungua hata mmoja. Bei ya leo ni ileile. Kazi iko kesho alfajiri, mahamali wengine wanapofika na mitungi yao kwenye kisima cha mshindani wao. Atawauzia? Kwa bei ileile? Au atawaambia pampu imekufa, na huku mkokoteni wake unatoka umejaa unamwagika?

Activision Blizzard, watengenezaji wa Call of Duty, ndiyo kisima. Microsoft, wenye Xbox, ni hamali, tena si wa kwanza kwa ukubwa. Kwenye konsoli, yaani mashine za kuchezea gemu, wenyewe walikuwa wakijitetea kwamba wako wa tatu nyuma ya Sony wenye PlayStation na Nintendo. Januari 18, 2022 wakatangaza kununua kisima hicho kwa dola bilioni 68.7, yaani dola 95 kila hisa, pesa taslimu. Ndani yake mlikuwa na Call of Duty, Warcraft, Diablo, Overwatch, na pia King, wale wa Candy Crush, ambao Activision waliwachukua 2016 kwa dola bilioni 5.9. Mama watoto hajui Call of Duty ni mnyama gani, ila Candy Crush yuko hatua ya elfu na kitu, kwa hiyo kusema kweli ununuzi huu ulimgusa yeye kabla yangu.

Biashara ilifungwa Oktoba 13, 2023. Hesabuni miezi. Yaliyotokea katikati ndiyo uzi wenyewe.

#2 Kachiri_Kavu

Nimesoma hadi kwenye kisima nikashikwa na kiu. Kwani Kisauni maji yamerudi?

#3 NahodhaWaPadi

Hayajarudi. Tuendelee.

Wadhibiti hawakuanza kuwashuku Microsoft hewani. Kulikuwa na kisima kidogo kabla ya hiki. Machi 2021 Microsoft walimaliza kuinunua ZeniMax, wenye kampuni ya gemu ya Bethesda, kwa dola bilioni 7.5. Tume ya Ulaya ilipitisha. Kisha gemu yao kubwa, Starfield, ikatangazwa kuwa ya Xbox na kompyuta tu, na 2023 ikatoka hivyohivyo. Mwenye PS akabaki kutazama video za wenzake. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipofungua kesi Desemba 8, 2022 chini ya mwenyekiti wake Lina Khan, hilo la Bethesda lilikuwa mstari wa mbele: mlisema hamtakuwa na sababu ya kuwanyima wengine, angalieni mlichofanya. Ulaya nao wakasema kwamba uamuzi wao haukutegemea ahadi yoyote ya aina hiyo. Lakini harufu ilishatoka.

Maswali ya mdhibiti kwenye kesi ya kisima ni mawili, nami huyapenda kwa sababu hata mtoto wa madrasa anayaelewa. Moja: akitaka kuwanyima wenzake, ataweza? Mbili: akiweza, itamlipa? Maana kisima kikiuzia mkokoteni mmoja tu, mwenye kisima anapoteza pesa za mikokoteni yote mingine. Lazima wateja watakaohamia kwake wafidie hasara hiyo. Kesi nzima ilisimama juu ya swali hilo la pili, la hesabu.

Wengi walipitisha bila kelele. Saudi Arabia Agosti 2022, Brazili Oktoba, Japani Machi 2023. Afrika Kusini, Tume ya Ushindani ikapendekeza Aprili 2023 ipite bila masharti yoyote. Waliobaki wamekaza shingo ni watatu: Marekani, Uingereza na Ulaya.

#4 binti_wa_Tudor

Kaka Nahodha, mfano wa kisima nimeupenda, lakini umekwenda Brazili na Japani ukaruka nyumbani.

Kenya tuna Sheria ya Ushindani ya 2010 na Mamlaka ya Ushindani, na ina meno. Desemba 2023 mamlaka hiyo iliwapiga Majid Al Futtaim, wanaoendesha Carrefour hapa Kenya, faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa jinsi walivyowatendea wasambazaji wawili, mmoja wao ni Pwani Oil wa huku kwetu. Hiyo si kesi ya ununuzi wa kampuni, ni ya mnunuzi mwenye nguvu kumbana muuzaji, lakini ni familia moja na kisima chako.

Na kampuni zinazofanya biashara nchi mbili au zaidi za COMESA huenda kwenye tume ya COMESA yenye makao Lilongwe, Malawi. Ile ilianza kupokea maombi Januari 2013. Kwa hiyo si kweli kwamba Afrika tunakaa tu kungojea hukumu za wazungu. Kweli ni kwamba soko letu la gemu wanalihesabu dogo, na mdhibiti wa soko dogo akisema hapana, kampuni inaweza kukunja mkeka wake ikaondoka.

#5 Mtu_wa_Tanga

Salaam wakuu. Sisi Tanzania hatumo COMESA, tulitoka, tuna tume yetu ya ushindani, FCC. Ila nina swali kwa Nahodha. Activision ni ya Marekani. Microsoft ni ya Marekani. Mwingereza alipata wapi nguvu ya kusema "hapana" mpaka dunia nzima ikasimama?

#6 NahodhaWaPadi

Dada Binti, nimekubali kosa. Hilo la kukunja mkeka ndilo jibu la swali la Tanga pia, ukiligeuza.

Mtu wa Tanga, fikiria feri ya Likoni. Lori ni la Malindi, mzigo ni wa Malindi, dereva ni wa Malindi. Lakini akitaka kushuka Ukunda kwa njia hiyo, anapanga foleni ya Likoni na kufuata sheria za Likoni. Uingereza haikudai umiliki wa kampuni yoyote. Ilisema: mnauza kwetu, basi muungano wenu unapita kwetu. Na soko la Uingereza si la kukunjia mkeka.

Sasa kaeni vizuri, hapa ndipo patamu. Februari 2023 mamlaka yao, CMA, ilitoa matokeo ya awali yenye hofu mbili. Ya kwanza, konsoli: COD itanyimwa PlayStation. Ya pili, mawingu: kucheza gemu kwa kustrimu kutoka seva ya mbali, bila konsoli, kama unavyotazama video. Machi 24 hofu ya kwanza wakaitupa wenyewe. Walipata takwimu mpya, wakapiga hesabu upya, wakaona kuinyima PlayStation COD kungewatia Microsoft hasara. Hamali angepoteza zaidi kisimani kuliko ambacho angepata kwa mkokoteni. Kila mtu akasema basi, imepita, pigeni vigelegele.

Aprili 26 CMA wakaizuia. Kwa ajili ya mawingu peke yake.

Nakumbuka siku hiyo, nilikuwa nakunywa kahawa tungu pale nje, nikaisoma kwa simu mara mbili. Biashara ya dola bilioni 68.7 inazuiwa kwa sababu ya kitu ambacho hapa kibandani hakuna hata mmoja aliyewahi kukijaribu! Hoja yao ilikuwa kwamba Microsoft tayari wana asilimia 60 hadi 70 ya huduma za kustrimu gemu duniani, wana Windows, wana seva zao wenyewe za Azure, na wakiongeza COD juu yake hakuna mgeni atakayeweza kuingia soko hilo likiwa bado changa. Brad Smith, rais wa Microsoft, alitoka kwenye redio ya Waingereza akasema hawajawahi kuwa na siku nyeusi kama ile katika miaka yao 40 huko.

Wiki tatu baadaye, Mei 15, Tume ya Ulaya ikatazama hofu ileile ya mawingu ikatoa jibu la kinyume: pitisheni, ila kwa miaka 10 mteja wa Ulaya aliyenunua gemu ya Activision awe na haki ya kuicheza kwenye huduma yoyote ya kustrimu atakayo, na huduma hizo zipewe leseni bure. Hofu moja, dawa mbili. Mwingereza hakuamini ahadi za kusimamiwa miaka 10; alisema nani atakaa kuzichunga? Ulaya walisema tutachunga sisi.

Mimi hapo niko na Mwingereza, na najua wengi mtanipinga. Mwenye nyumba aliyeniahidi kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili, kwamba kodi ya kibanda haitapanda miaka mitatu, alikuja mwaka wa pili na mahesabu mapya.

#7 seva_baridi

Nafanya kazi ya mitambo ya mtandao upande wa Nyali, wacha niingie hapo kwa mawingu.

Watu husahau kwamba intaneti ya Kenya inaingilia hapa mjini kwetu. Kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika ufuoni 2009, EASSy 2010, na nyingine zimefuata. Ukisimama ufuo wa Nyali uko karibu na mlango wa nchi nzima. Lakini mlango si seva. Gemu ya kustrimu inahitaji seva iwe karibu na kidole chako.

Hesabu ya haraka. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. TEAMS kutoka hapa hadi Fujairah, kule Emirati, ni karibu kilomita 5,000. Kwenda ni milisekunde 25, kurudi 25. Hamsini zimekwisha na bado hujahesabu seva kuchora picha, kuibana, na simu yako kuifungua. Gemu inayokwenda picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila milisekunde 17 hivi. Kwa hiyo ukibonyeza kushuti, kipa ameshaona picha tatu mbele yako. Na hiyo ni siku njema. Mei 12, 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja kule kusini hata ujumbe wa maandishi ulikuwa unatembea kwa magongo.

Kwa hiyo Nahodha, vijana wako kutojaribu si ushamba. Ni fizikia. Mpaka kuwe na seva za gemu hapahapa, mawingu kwetu ni mawingu tu.

#8 MzeeWaKibokoni

Wanangu nawasoma kwa raha. Mjukuu wangu alinitumia uzi huu. Gemu sijui, lakini kesi za biashara nazijua tangu enzi za majahazi. Nahodha, mwanangu, usituache na Waingereza. Kule mahakamani Marekani palikuwaje?

#9 NahodhaWaPadi

Shikamoo mzee wangu. Palikuwa San Francisco, Juni 2023, siku tano za ushahidi mbele ya Jaji Jacqueline Scott Corley. FTC waliomba amri ya zuio ili biashara isifungwe kabla kesi yao kamili haijasikilizwa.

Kwa sisi wa gemu zile siku tano zilikuwa sherehe, kwa sababu kampuni ambazo huficha kila kitu zililazimika kufunua masanduku. Kipande changu kipenzi ni cha kalamu. Sony si mshitakiwa wala mlalamikaji, lakini walitakiwa kutoa hati. Hati ina siri za biashara, basi mtu akachukua kalamu nene nyeusi akapitisha juu ya namba. Kisha karatasi ikaskaniwa. Mmewahi kufanya hivyo? Wino wa kalamu ile ukimulikwa, maandishi ya chini yanaonekana kama mtu nyuma ya pazia jepesi. Watu wakakuza picha, wakasoma: The Last of Us Part II iligharimu takriban dola milioni 220 kuitengeneza, Horizon Forbidden West milioni 212. Siri za kampuni kubwa hivyo, na wakili wa mtu kashindwa na kalamu ya kuandikia katoni za sabuni.

Na chini ya wino huohuo ilisomeka kwamba 2021 kulikuwa na watumiaji wa PlayStation kama milioni moja ambao hawakucheza kitu kingine chochote ila Call of Duty. Hiyo ndiyo namba iliyonifanya nielewe kwa nini Sony walilia sana. Hapa kwangu nina vijana hivyohivyo kwa FIFA. Ukiwawekea gemu nyingine bure wanakaa nje ukutani wanangoja zamu. FIFA ikiondoka kwa PS, hawaendi kutafuta gemu nyingine kwa PS. Wanaondoka na FIFA.

Lakini Sony nao walishikwa. Ilitolewa barua pepe ambayo Jim Ryan, mkuu wa PlayStation wakati huo, alimwandikia mwenzake wa zamani siku chache tu baada ya tangazo la 2022, akisema kwamba haoni kuwa lengo la Microsoft ni kuifungia COD, na kwamba ana uhakika itaendelea kuonekana PlayStation miaka mingi. Hadharani aliimba wimbo mwingine. Naye Phil Spencer wa Xbox akapanda kizimbani, akasema chini ya kiapo kwamba COD itaendelea kuuzwa PlayStation.

Julai 11 jaji akakataa ombi la FTC. Julai 14 mahakama ya rufaa nayo ikakataa kuwashikia biashara. Julai 16, siku mbili tu, Sony wakatia sahihi mkataba wa miaka 10 wa COD. Mkataba waliokuwa wameukalia kwa miezi! Hapo ndipo niliposema mahakama haikuzuia. COD ipo kwa PS kwa mkataba na kwa hesabu ya faida.

Mwingereza akabaki peke yake. Agosti 22 Microsoft wakarudi na biashara iliyoshonwa upya: haki za kustrimu gemu za Activision, zilizopo na zitakazotoka kwa miaka 15, wanawauzia Ubisoft, kwa dunia yote nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya. CMA wakakubali Oktoba 13, ingawa mkuu wao, Sarah Cardell, aliwakemea Microsoft kwa kupoteza muda na kutaka kuwapinda mkono. Siku ileile biashara ikafungwa.

Ona kichekesho chake. Nje ya Ulaya ni pamoja na sisi. Maana yake haki ya kustrimu COD hapa Kisauni, kwenye simu ya kijana asiyeweza kuistrimu kwa sababu alizotaja seva_baridi, imo mikononi mwa kampuni ya Wafaransa. Waligawana mawingu yetu na hata mvua hatujaiona.

#10 MzeeWaKibokoni

Marahaba. Haya, kisima kimenunuliwa na wenzake wanauziwa. Basi nani aliumia?

#11 NahodhaWaPadi

Hapo mzee umegusa kidonda.

Januari 2024, miezi mitatu na ushei tangu kufunga, Microsoft wakapunguza watu 1,900 katika kitengo cha gemu. Mei mwaka huohuo wakafunga studio kadhaa, zikiwemo Arkane Austin na Tango Gameworks, na hizo zilitoka kwa ununuzi ule wa kwanza wa Bethesda. Julai 2024 bei ya Game Pass Ultimate, usajili wa gemu wa Xbox, ikatoka dola 16.99 kwa mwezi hadi 19.99. FTC wakaiandikia mahakama ya rufaa wakisema haya ndiyo madhara tuliyowaambia. Oktoba 2025 bei ikaruka hadi 29.99. FTC yenyewe ilikuwa ishachoka: Mei 2025 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi wa Jaji Corley, na wiki mbili baadaye wakaifuta kesi.

Kwa hiyo miezi 21 walimu wote wa sheria walikesha wakiulizana kama kisima kitafungiwa wengine. Hakikufungwa. Kilichopanda ni bei ya mtungi, na waliotoka ni wale wachimbaji.

#12 binti_wa_Tudor

Hapana kaka, hapo umeteleza. Mambo kutokea baada ya jambo fulani si kusema yametokana nalo. Sony hawakununua Activision, na Septemba 2023, kabla biashara haijafungwa, walipandisha usajili wao wa PlayStation Plus wa mwaka kutoka dola 59.99 hadi 79.99. Mwaka 2024 kampuni za gemu zilifukuza watu kila upande, zilizonunua na zisizonunua. Janga la corona lilifanya wakaajiri kupita kiasi, kisha riba zikapanda. Ukitaka kuwashitaki kwa bei, lete ushahidi kwamba wasingepandisha bila Activision.

Mdhibiti hashindwi kwa uvivu. Anaulizwa atabiri kesho, halafu jaji anamdai ushahidi wa kesho.

#13 NahodhaWaPadi

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili nikitafuta pa kushika, sijapata. Hilo la PlayStation Plus nalijua vizuri, nililipa mimi. Nabaki na shaka yangu lakini ushahidi sina.

Basi turudi kwa ugomvi wa kibandani. FIFA. Naam, najua inaitwa EA Sports FC tangu 2023 walipoachana na shirikisho, ila ukisema FC hapa mtu anadhani unamuuliza timu gani.

Septemba 29, 2025 EA walitangaza wanauzwa kwa dola bilioni 55, dola 210 kila hisa. Wanunuzi: mfuko wa uwekezaji wa Saudia, PIF, ambao tayari ulikuwa na karibu asilimia 10, pamoja na kampuni za uwekezaji za Silver Lake na Affinity Partners ya Jared Kushner. Vijana wangu wanaogopa itafungiwa. Sasa tumieni kisima. PIF ana konsoli? Hana. Ana mkokoteni? Hana. Huyu ni tajiri aliyenunua kisima tu, na mwenye kisima asiye na mkokoteni anataka mahamali wengi iwezekanavyo. Akiiondoa PS anajikata mguu. Kwa hiyo yule wa "mwakani hamuioni" aje anilipe soda.

Hofu yangu mimi iko pengine. Katika zile bilioni 55, kama bilioni 20 ni mkopo wa benki, JPMorgan, na deni hilo linabebeshwa kampuni yenyewe. Mauzo ya EA ya mwaka mzima ni kama bilioni 7.5. Ni sawa na mtu anunue kisima kwa mkopo kisha amwambie kisima, "lipa wewe." Kisima hulipa kwa nini? Kwa mitungi. Na mitungi ya FIFA ni zile pakiti za wachezaji za Ultimate Team, unanunua bila kujua utamtoa Mbappé au beki wa akiba.

Kwa hilo mdhibiti wa ushindani hana la kufanya, si swali lake. Aliyewahi kuzigusa pakiti ni mdhibiti wa kamari. Ubelgiji ilisema 2018 kwamba masanduku ya bahati ni kamari, na tangu mwisho wa Januari 2019 EA hawauzi kule pointi za FIFA za kununulia pakiti. Nchi ndogo ile, wala EA hawakukunja mkeka. Waliacha kuuza pointi tu, gemu ikabaki. Dada Binti, hilo nakuwekea hapo ulifikirie na ile hoja yako ya soko dogo.

#14 Kachiri_Kavu

Mimi swali langu ni moja. PIF ndio wenye Newcastle. Na ndio wenye hisa nyingi Al-Nassr. Sasa wakiwa na FIFA, nani anatoa alama za wachezaji? Mwakani Newcastle watakuwa nyota tano na kipa wao atakuwa na spidi 94. Mimi nahama mapema, msinione msaliti.

#15 binti_wa_Tudor

😂 Kachiri, kwa kejeli zako umetaja jambo la maana kuliko sote: mwenye uwanja akiwa pia na timu. Nitalirudia nikitulia. Na la Ubelgiji, kaka, nimelipokea.

#16 seva_baridi

Nahodha, uliza swali la kibiashara: diski bado unanunua?

#17 NahodhaWaPadi

Nanunua diski, na nitanunua mpaka waache kuzitengeneza. Diski ikichoka naipeleka mjini, mwingine ananipa kitu, naongezea, nachukua mpya. Gemu ya kupakua siwezi kumuuzia mtu, na bando lake ni bei ya padi nusu. Nina PS4 tatu na PS5 moja, na ile PS5 nilihakikisha ina mdomo wa diski kabla sijatoa pesa.

Nilikuwa nataka kuandika zaidi ila hamali wangu amefika na mitungi sita. Nimemuuliza akiwa anashusha, "Wewe ukinunua kile kisima, utawauzia wenzako?"

Amefikiri kidogo, akafuta jasho kwa kikoi. "Nitawauzia," akasema. "Lakini wangu nitaujaza kwanza."

Mtungi leo ni thelathini. Juzi ulikuwa ishirini.